Sabuni ya Unga na Hadaa ya Povu

Ni nadra kuipata bidhaa inayohukumiwa kwa dhuluma madukani mwetu kama sabuni ya unga, kwani mnunuzi, akisha kusimama mbele ya rafu iliyosheheni pakiti za kila rangi, aghalabu huuliza bei, akanusa harufu, na akifika nyumbani akatazama jinsi povu linavyofurika beseni, kisha akatoa hukumu yake. Na katika mambo hayo matatu hakuna hata moja limwambialo kwa yakini kama shingo ya kanzu itatakata.

Povu ndilo lenye hadaa kubwa. Watengenezaji wanamjua vyema afuaye kwa mikono, kwamba hana raha na maji yasiyotoa povu, na kwa ajili yake hutengeneza sabuni yenye povu tele, ilhali ile ya mashine za kufulia hupunguzwa povu kwa makusudi, maana likizidi huzizuia nguo kupigana ndani ya pipa; nayo hutakasa vilevile. Tena povu lina gharama yake, kwa sababu hutaka maji ya kusuuzia mara mbili na tatu, na katika nyumba inayonunua maji kwa madumu kutoka kwenye mkokoteni, sabuni iliyopatikana kwa bei rahisi huwa imekwisha kuwa ghali kabla nguo haijafika kambani.

Kazi yenyewe ya kung'oa uchafu hufanywa na dawa ambayo kila chembe yake ina upande mmoja upendao maji na upande wa pili upendao mafuta, ikauzingira uchafu, ikautoa katika uzi na kuushikilia majini usirejee. Sabuni ya mche nayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, walakini ikikutana na maji yenye chokaa nyingi hugandana nayo ikawa utando wa kijivu ushikao nguo na ukingo wa beseni. Na kwa kuwa maji ya visima vingi vya pwani yetu hupenya katika jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa tupu, utando huo si mgeni kwa mtu aliyewahi kufua kwa maji ya kisima Mombasa au Unguja. Wadachi ndio waliotangulia kutafuta badala ya sabuni hiyo ya kale, wakati wa Vita Kuu vya kwanza, mafuta ya kutengenezea sabuni yalipoadimika kwao; na ilipofika mwaka 1946 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ikaitoa Tide, unga ulioweza kufua nguo nzito hata katika maji yenye chokaa, na tangu hapo sabuni ya kale haikurudishiwa ufalme wake.

Sasa, dawa hiyo ndiyo yenye thamani, na kwa hivyo ndiyo ipunguzwayo kwanza pale mtengenezaji anapotaka kuuza rahisi. Mahali pake hutiwa chumvi ya salfeti, ambayo haina madhara wala haina kazi kubwa, ila huufanya unga umwagike vyema na kuijaza pakiti. Na hutiwa magadi kwa wingi, yale yale yachimbwayo Ziwa Magadi nchini Kenya, ambayo hulainisha maji na kukata mafuta, lakini yakizidi huchubua mikono ya mfuaji na kuichujua kanga mpya. Basi mama alalamikaye kwamba sabuni fulani "ina ukali" hajakosea, ingawa ukali huo si dalili ya kutakasa.

Kiungo kistahilicho kutafutwa kwenye maandishi ya pakiti ni vimeng'enya. Mdachi mmoja, Otto Röhm, ndiye aliyevitia kwanza katika dawa ya kufulia, karibu mwaka 1913, akivipata kutoka kongosho za wanyama. Siku hizi hutolewa katika vijidudu, na kila aina ina chakula chake: damu, yai na maziwa kwa hiki, uji na wanga kwa kile, samli kwa kingine. Havipendi haraka wala maji yanayochemka, bali nguo iliyorowekwa kwa saa moja katika maji ya uvuguvugu huvipa nafasi ya kula doa taratibu, na mkono ukapumzika. Nguo za hariri na sufu zisitiwe humo, kwa kuwa nyuzi zake nazo ni chakula. Ama ile dawa ya kung'arisha, isifiwayo sana katika matangazo, haiondoi uchafu hata chembe. Kazi yake ni kuyapa macho weupe wenye ubuluu, kama ilivyofanya buluu ya bibi zetu, na kwa buibui jeusi ni fedha iliyotupwa.

Mwenye kutaka kujua sabuni ipi imfae na aichukue shuka nyeupe kuukuu, aikate vipande vilivyo sawa, akipake kila kimoja samli na mchuzi, akiache kikauke mpaka kesho, kisha akiroweke kila kimoja katika maji ya kipimo kimoja kwa sabuni yake, muda ule ule. Doa la manjano litageuka jekundu mara liguswapo na sabuni, na wengi hushtuka wakadhani nguo imeharibika. Hiyo ni tabia ya manjano kila yanapokutana na magadi, na wekundu huo huondoka kwa kusuuzwa, na rangi iliyobaki huliwa na jua. La kutazamwa ni samli. Kisha ajaribu tena kwa nusu ya kipimo, maana sabuni ifuayo kwa nusu kijiko ndiyo rahisi, hata kama pakiti yake imeizidi nyingine kwa bei.

Na bei yenyewe isomwe pamoja na uzito. Tuseme kipakiti cha gramu 40 kinauzwa shilingi 15, na mfuko wa kilo moja shilingi 300: mnunuzi wa vipakiti, akifikisha kilo, atakuwa amelipa 375. Sisemi hivi kwa kumlaumu kibarua alipwaye jioni kwa jioni, kwani mwenye shilingi 15 hanunui mfuko. Nasema kwa wale walio na uwezo, na kwa majirani watatu wawezao kuchanga wakagawana. Sabuni ya kupima, itolewayo katika gunia lililo wazi, hupungua bei kwa haki, lakini haina jina wala alama ya shirika la viwango, na ikiwa imeghushiwa hakuna wa kumdai.

Kwa rai yangu, nyumba ya kawaida haihitaji sabuni ya juu kabisa. Mche mmoja wa kusugulia shingo na pindo za mikono, na unga wa bei ya kati wenye vimeng'enya kwa kurowekea, vyatosha kwa nguo za wiki. Unga ukorogwe majini kwanza mpaka uyeyuke, ndipo nguo zitiwe, nyeupe mbele na kanga mpya mwisho, peke yake.