PEDI MBILI, VIJANA WANNE: Gemu ilivyotuanika tabia zetu chuoni

Leo sina habari ya nani kafumaniwa wala nani kamwacha nani. Leo naongea na nyie mlioko vyuoni, na nyie wazazi mnaojinyima ili wasome. Naongelea gemu. Ndiyo, hizihizi za kwenye TV na kwenye simu.

Najua kuna mzee ameshakunja uso: "Gemu ni uhuni tu, zinaharibu watoto!" Na najua kuna msela ameshasonya: "Acheni ushamba, gemu haina noma." Jamani, tulieni kwanza. Mimi yamenikuta, na niliyoyaona chumbani kwetu hayampi ushindi mzee wala msela.

CHUMBA CHETU

Nilianza chuo mwaka 2008, chuo kimoja hapa Dar ambacho sikitaji. Hosteli tukapangwa chumba cha watu wanne, vitanda vya dabo deka. Hatukuchaguana. Msimamizi alisoma majina kwenye karatasi, akatukabidhi ufunguo mmoja, basi.

Majina yao halisi naweka kabatini. Wa kwanza nitamwita Don. Mtoto wa mjini, mdomo haufungi, mlangoni kwetu hakukosi mgeni. Wa pili nitamwita Ratiba, mtoto wa mwalimu. Siku ya kwanza tu alibandika ratiba ukutani, hadi saa ya kufua soksi ilikuwemo! Wa tatu nitamwita Mpole. Katoka Tabora, wa kwanza kwenye ukoo wao kukanyaga chuo. Ukimsalimia anajibu, usipomsalimia mnakaa kimya hadi jioni. Wa nne ni mimi mwandishi wenu, mtu wa kutopenda kushindwa hata kwenye kukimbilia daladala.

Wiki ya tatu Don akaingia na TV ya chogo begani na PlayStation 2 ya mtumba kwenye mfuko wa rambo. Pedi mbili, memori kadi moja, CD ya Winning Eleven, ambayo tangu 2021 inaitwa eFootball. Enzi hizo Ronaldo yuko Manchester United, Drogba yuko Chelsea. Ebwana, chumba kiligeuka uwanja wa taifa!

KILA MTU NA GEMU YAKE

Sheria ilikuwa moja: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Lakini baada ya miezi miwili niligundua kitu. Tulikuwa na CD moja, ila kila mtu alikuwa anacheza gemu yake.

Don alikuwa anacheza kelele. Kufungwa kwake ni kicheko, kufunga kwake ni kicheko. Korido nzima inahamia kwetu, watu wanakalia ndoo. Ikifika saa nne usiku anachomoa waya, anapaka mafuta, anakwenda zake kumwona mchumba. Watu wakipungua, gemu kwake inakuwa haina ladha.

Ratiba alikuwa anacheza Jumamosi tu. Mechi mbili! Umfunge, usimfunge, anaweka pedi chini, anachukua ndoo ya kufulia. Tulimcheka sana. Tulimwita babu.

Mimi? Aibu naona, ila nasema. Nilikuwa na daftari la matokeo. Nani kanifunga, lini, ngapi. Nikifungwa silali. Najua kesho asubuhi kuna pindi, lakini nitalalaje na mtu kanipiga tatu bila?

Na Mpole. Watu wakijaa, Mpole hashiki pedi. Anakaa kitandani, anaangalia. Sasa ngoja saa nane usiku, wote tumezima. Unashtuka unaona chumba kinamulika bluu. Sauti kaishusha hadi sifuri. Yupo peke yake mbele ya ile TV, anacheza ile ligi ya kujenga klabu, unaanza na wachezaji wasiojulikana hata kwao, unauza, unanunua, unapanda. Alikuwa na timu ya kutisha. Mchana tukampa jina: Mlinzi wa Zamu. Tukacheka tena.

WATAALAMU NAO WANALIJUA HILI

Miaka imepita, nikaanza kusoma mambo haya, nikabaki mdomo wazi. Kumbe chumba chetu kilikuwa kwenye vitabu!

Mtafiti mmoja aitwaye Nick Yee aliwauliza maelfu ya wacheza gemu za mtandaoni kwa nini wanacheza. Mwaka 2006 akatoa majibu akiyagawa mafungu makubwa matatu. Kuna wanaotafuta kufanikiwa: kupanda ngazi, kumpiga mwenzao. Kuna wanaotafuta watu: stori, urafiki, ushirikiano. Na kuna wanaotafuta kuzama: kuingia dunia nyingine na kuyasahau ya huku. Mimi, Don, Mpole. Utadhani jamaa alikuwa kachungulia dirishani kwetu!

Halafu kuna wanasaikolojia wanaopima tabia ya mtu kwa mizani tano. Ya kwanza, upenzi wa mambo mapya. Ya pili, kujipanga na kujituma. Ya tatu, uchangamfu. Ya nne, kuelewana na watu. Ya tano, wasiwasi, yaani mtu anavyoshikwa haraka na hofu, huzuni na mawazo. Kila mmoja wetu anazo zote tano, mwingine nyingi, mwingine kidogo.

Sasa sikilizeni. Tafiti za watu wanaozidiwa na gemu zimekuwa zikirudi mara kwa mara kwenye mizani mbili: kujipanga kuwa chini, na wasiwasi kuwa juu. Haina maana kwamba mwenye wasiwasi lazima atekwe, la hasha. Wala hazithibitishi kipi kilianza. Ina maana tu kwamba huyo ndiye wa kumwangalia kwa jicho la pili.

Na wengi hawatekwi, msije mkawanyang'anya watoto simu leo jioni! Mwaka 2017 Andrew Przybylski na wenzake walitoa utafiti wa watu karibu 19,000 wa Marekani, Uingereza, Canada na Ujerumani. Waliokaribia kuhesabiwa kuwa na tatizo kamili walikuwa kati ya asilimia 0.3 na 1 tu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini limeweka masharti. Mtu awe ameshindwa kujizuia. Gemu iwe imepanda juu ya mambo mengine yote. Na aendelee ingawa anaona inamuumiza. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Kwa hiyo aliyekesha wikiendi moja, huyo hana ugonjwa, ana usingizi.

LAKINI MWENYE MASHINE NI NANI?

Kuna moja iliyonigusa zaidi. Mwaka uleule wa 2008, sisi tukigombania pedi, wachumi wawili, Ralph na Todd Stinebrickner, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Berea College kule Kentucky, Marekani. Waliwaangalia wa mwaka wa kwanza waliopangiwa tu mtu wa kukaa naye, kama sisi. Wakauliza: mwenzako chumbani alikuja na gemu?

Waliopangwa na mwenye gemu walikuwa wanasoma pungufu kwa kama dakika 40 kila siku. Na alama zao za muhula wa kwanza zilikuwa chini kuliko za wenzao. Angalieni hapo, mashine haikuwa yao! Walipangiwa tu kitanda karibu nayo.

Ndiyo maana naona tabia ya mtu peke yake haitoshi kumhukumu. Tabia yako unakuja nayo begani toka nyumbani, lakini chumba unakikuta. Vikikutana vibaya, ndipo msiba unapoanza.

SIKU YA MATOKEO

Matokeo ya mwaka yalibandikwa ubaoni asubuhi. Don alifaulu, tena vizuri tu, na mashine ni yake! Ratiba ndiyo usiseme. Mimi nilipata sapu mbili, miguu ikaniishia nguvu.

Mpole alidisko.

Nilimkuta chumbani anakunja shuka. Begi moja, ndoo moja. Nikajikaza kiume, nikamwambia, "Pole ndugu yangu, ndiyo hivyo, gemu imetumaliza." Akaniangalia, akasema taratibu, "Gemu? Mimi niliachwa toka wiki ya pili."

Ndipo akanieleza. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza cha kukimbia, na yeye alikuwa ananakili ubaoni asielewe. Mkopo wake ulikwama, ada haijatimia, akawa anakwepa kupita ofisi ya uhasibu. Nyumbani maza kauza ng'ombe, kijiji kizima kinamsubiri. Atamwambia nani? Akasema, "Kule kwenye ligi nilikuwa najua kesho nifanye nini. Huku nilikuwa sijui."

Wasomaji wangu, hapo nilikumbuka kitu ambacho hadi leo kinanikosesha raha. Usiku mmoja, mwezi wa kwanza ule, Mpole alinisogelea akaniuliza, "Hivi wewe uliielewa ile pindi ya leo?" Mimi nilikuwa na pedi mkononi, niko nyuma goli moja. Nikamjibu bila kugeuka, "Subiri nimalize mechi hii."

Mechi iliisha. Nikaanza nyingine. Hakuniuliza tena.

Aliyekuwa anatafuta mtu wa kumsaidia alilala hatua tatu kutoka kwangu mwaka mzima, na mimi nilikuwa namwita Mlinzi wa Zamu.

SASA TUFANYEJE?

Siwaambii mzichome mashine. Mimi mwenyewe nacheza hadi leo. Ila jiulizeni haya, kila mtu kimoyomoyo.

Moja, ukizima gemu unajisikiaje? Don akizima alikuwa anacheka. Ukizima ukajiona umepumzika, poa. Ukizima ukakuta ile hofu imekusubiri palepale mlangoni, basi hiyo hofu ndiyo ya kushughulikia, siyo pedi.

Mbili, unamficha nani? Kushusha sauti hadi sifuri ni dalili. Siku hizi hata TV haihitajiki, simu iko ndani ya blanketi na hakuna anayeona mwanga wa bluu.

Tatu, kama hujipangi kwa asili, na mimi nimo, usitegemee moyo wako. Tegemea waya. Baada ya zile sapu nilimwomba Ratiba akae na pedi moja kabatini kwake Jumatatu hadi Ijumaa. Babu tuliyemcheka ndiye aliyeniokoa. Sapu zote mbili nilizitoa.

Nne, wewe mwenye mashine, angalia wa kitanda cha pili. Wewe unaweza kucheza ukafaulu. Yeye je? Na ukiona mtu wa saa nane usiku, kila siku, peke yake, usimpe jina la utani. Mpe kiti, muulize anaendeleaje na masomo. Vyuo vingi vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mpeleke, tena mwende wote, maana peke yake hataingia.

Na nyie wazazi, mkipiga simu chuoni msiulize tu "unasoma?" Atasema ndiyo. Muulize wiki hii nini hukukielewa. Mnyamaze, mumsubiri ajibu.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Mpole kuomba ruhusa. Yuko kwao, ana duka lake la kutengeneza simu, na baada ya kuanguka kule alijiunga na chuo kingine kidogo akapata cheti cha ufundi. Gemu anacheza bado, na mwanae, Jumapili mchana, sauti juu! Akaniambia andika, ila jina langu acha.

Nikamwambia, ile mechi ya usiku ule, samahani sana. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwani ulishinda?"

Nikamwambia ukweli: sikumbuki.

Haya wasomaji, tukutane wiki ijayo. Na kama kuna mtu kakuuliza kitu sasa hivi wakati unasoma ukurasa huu, hebu weka gazeti chini, umjibu.