Jembe Ntobeye, nyumba Burundi

MSIMU wa palizi unapowadia Ntobeye, wilayani Ngara, mikono ya kazi huwa adimu. Maharage na mahindi yamezongwa na magugu, kahawa na migomba navyo vinadai kusafishwa, watoto wako shuleni, na vijana wengi wamekwenda Kahama au Mwanza kutafuta maisha. Katika wilaya hii ya mpakani, anayeziba pengo hilo mara nyingi ni kibarua kutoka Burundi.

Lugha haimpi taabu. Kihangaza na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba mkulima na kibarua wake hawahitaji mkalimani wa kupatana bei ya kipande. Kinachomvusha mpaka ni ardhi. Burundi ina zaidi ya watu 400 kwa kila kilometa moja ya mraba, na shamba la baba likigawanywa kwa wana wanne, kila mmoja hubaki na kipande ambacho jembe hukimaliza kwa siku chache. Siku zinazobaki, afanye nini?

Chukua mfano wa hesabu. Kibarua amepatana Sh 4,000 kwa siku, akafanya kazi siku 40. Hiyo ni Sh 160,000. Akitumia robo kwa chakula, anarudi kwao na Sh 120,000. Akizitia kwenye bati, mbuzi au kukodi shamba la jirani, msimu wake Ntobeye umezaa kitu. Asipolipwa, ameacha shamba lake mwenyewe likiota magugu ili apalilie la mwenzake.

Na kutolipwa kupo. Kwa miaka mingi yamesikika malalamiko kwamba baadhi ya waajiri wa mpakani humwacha kibarua alimbikize ujira hadi mwisho wa msimu, kisha siku ya malipo wanamtishia kumwita Uhamiaji. Ni wizi, na hata kibiashara ni upumbavu, maana habari huvuka mpaka haraka kuliko watu, na shamba lenye sifa hiyo hurukwa msimu unaofuata.

Tishio hilo lina nguvu kwa sababu sheria haiko upande wa kibarua. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Wengi walidhani milango imefunguka. Lakini Tanzania ilifungua ajira kwa baadhi ya fani za kitaalamu. Kazi ya jembe haimo. Hati ya kusafiria inamruhusu Mrundi kuingia na kutembea, haimruhusu kuajiriwa. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliondoa maelfu ya wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamgusa mwajiri pia: kumwajiri asiye raia bila kibali cha kazi ni kosa.

Kibali hicho kimekaa kikampuni zaidi. Mwenye ekari mbili za kahawa hana karani wa kumjazia fomu kwa ajili ya palizi ya wiki tatu. Hapa ndipo serikali za nchi mbili zingeweza kukaa na kutengeneza kibali chepesi cha msimu kwa wakazi wa mpakani, chenye mkataba wa maandishi na malipo ya kila wiki.

Wazee wa Ngara wasingelishangaa jambo hilo. Enzi za ukoloni, ni vijana wa hapa waliotembea kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa za watu, wakihesabu siku kama anavyohesabu Mrundi leo.

Kwa sasa mkulima anayehitaji mikono aanzie ofisi ya kazi na Uhamiaji, au apange mapema na vijana wa kijijini, kwa ujira utakaowafanya waahirishe safari ya Kahama.