Lazima Mtoto Awakimbie Wazazi Ndipo Apende?



Juma lililopita, baada ya darsa ya alasiri, binti mmoja alituuliza swali lililotunyamazisha: "Maalim, mbona kwenye filamu kila Mwislamu akipenda, lazima awaache wazee wake?" Wapo watakaosema dawa ni kumnyang'anya simu. Sisi twaona swali limeshaingia moyoni, na simu haitalitoa. Basi tukaketi na watu wa nyumbani kwetu tukazitazama baadhi ya filamu hizo za mapenzi na vichekesho. Yamo tusiyoyaridhia, wala hatuyahalalishi. Lakini hatuwezi kulijibu tusilolijua.

Kwa miaka mingi Mwislamu katika sinema za Magharibi alipewa sura chache tu. Mwaka 2017 mwigizaji Riz Ahmed alilizungumzia jambo hili katika Bunge la Uingereza, na mwaka uliofuata kikaundwa kipimo chenye jina lake, cha maswali matano. Je, Mwislamu huyo anahusishwa na ugaidi? Ana hasira zisizo na sababu? Ni mtu wa ushirikina, aliyebaki nyuma? Ni tishio kwa maisha ya Magharibi? Akiwa mwanamume, anawadharau wanawake. Au akiwa mwanamke, ameonewa na wanaume? Jibu likiwa ndiyo hata mara moja, filamu imeanguka.

Mwaka huo wa 2017 ilitoka "The Big Sick", iliyoandikwa na Kumail Nanjiani, mzaliwa wa Pakistan, na mkewe Mmarekani, Emily V. Gordon, kutokana na maisha yao wenyewe. Hapa Mwislamu ni kijana mchekeshaji wa Chicago, mwenye mapenzi na huzuni kama waja wengine. Hiyo ni hatua. Lakini watazameni mabinti wa Kipakistani ambao mama yake huwaleta mezani, mmoja baada ya mwingine, akijifanya wamepita njia tu. Picha zao huishia ndani ya kasha la sigara. Ni mmoja tu apataye nafasi fupi ya kusema kuwa anastahili bora kuliko hayo. Kijana amepewa utu. Dada zake wamefanywa kichekesho.

Mwaka 2022 ikaja "What's Love Got to Do with It?", iliyoandikwa na Jemima Khan, Mwingereza aliyewahi kuishi Pakistan. Daktari Kazim wa London akubali wazazi wamtafutie mke. Posa imeonyeshwa kwa heshima, lakini ndoa ya binti wa Lahore yavunjika, na daktari amrudia jirani yake Mwingereza. Safari mbili, bandari moja.

Tuliyoipenda zaidi ni "Ali's Wedding" ya Australia, nayo ya mwaka 2017, iliyoandikwa na Osamah Sami pamoja na Andrew Knight. Sami ni mtoto wa sheikh wa Kiiraki mjini Melbourne, na kisa ni chake: kijana awadanganya watu kuwa ameingia chuo cha udaktari, asije akamvunja moyo baba. Binti ampendaye naye ni Mwislamu, tena yeye ameingia chuoni kwa akili zake. Baba sheikh ni mcheshi, mwenye huruma, aandaaye michezo ya kuigiza msikitini. Watu wanacheka pamoja naye, hawamcheki yeye.

Tofauti ni nini? Mwandishi amesimama ndani ya nyumba, akimwona kila aliyemo, hata binti na mzee. Sura za Waislamu kuongezeka katika filamu ni jambo jema, lakini halitoshi ikiwa nyumba yao yabaki kuwa kikwazo cha mapenzi.

Nasi tuna hisa katika lawama. Ni wangapi kati yetu wamewasimulia wana wao jinsi walivyoposa, walivyotetemeka, walivyokataliwa, walivyocheka? Tukinyamaza, filamu itasimulia kwa niaba yetu.

Binti yetu tulimjibu hivi: "Si lazima, mwanangu. Kamuulize mamako alivyoolewa." Kisha tukarudi nyumbani, tukaanza kuwasimulia wetu.

Wallahu a'lam.