Kufunga vifaa vya kambi kwenye Suzuki ndogo: Kila kilo unayobeba kwenda ni asali unayoacha porini

KILA ifikapo Mei, mvua zikishakatika na barabara za vumbi zikaanza kupitika, wanunuzi wadogo wa asali huanza safari za kuingia katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Warina asali hupiga kambi huko kwa siku nyingi, na mnunuzi anayetaka asali safi, isiyopita mikononi mwa madalali wawili au watatu, hana budi kuwafuata kambini. Huko hakuna nyumba ya wageni. Atalala kwenye hema, atapika mwenyewe au atachangia chungu, na atarudi na ndoo zake.

Wengi wa wanunuzi hawa hawana Land Cruiser. Wana Suzuki ndogo, aidha Samurai ya zamani yenye springi za vyuma vya bapa au Jimny iliyotoka Japan ikiwa imetumika. Ni magari mazuri kwa kazi hiyo. Ni mepesi, hupita katikati ya miti ambako gari pana hukwama, na mafuta yake mtu wa kawaida anaweza kuyamudu. Tatizo lake ni moja tu, nalo huonekana wakati wa kufunga mzigo. Gari linajaa kabla hujamaliza kupakia vitu vya kulalia, achilia mbali biashara iliyokupeleka.

Hapo ndipo wengi hupeleka gari kwa fundi na kuagiza keria kubwa ya chuma juu ya paa. Makala haya yanaeleza kwa nini huo ni uamuzi ghali, na nini kifanyike badala yake.

Tuanze na hesabu

Watu hupima gari kwa macho. Wakiona nafasi bado ipo, wanaongeza. Katika gari dogo nafasi hudanganya, kwa sababu uzito hufika kikomo mapema kuliko unavyodhani. Tuchukue Jimny ya injini ya lita 1.3, ile iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2018. Ikiwa tupu ina takriban kilo 1,060, na uzito wa juu unaoruhusiwa pamoja na kila kilichomo ni kilo 1,420. Kinachobaki ni kilo 360. Matoleo hutofautiana kidogo, hivyo soma kitabu cha gari lako au kibati chake cha kiwandani kabla ya kuamini tarakimu za mtu mwingine, zangu zikiwemo.

Sasa ingia wewe na msaidizi wako, kila mmoja kilo 70. Zimebaki 220. Hizo ndizo za kambi na biashara kwa pamoja.

Mnunuzi wa kwanza tumpe mzigo tunaouona mara nyingi. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani, kilo 35. Madumu mawili ya maji ya lita 20, kilo 42. Mtungi mdogo wa gesi uliojaa, kilo 13. Petroli ya akiba lita 20 kwenye dumu la chuma, kilo 19. Hema, magodoro mawili membamba, mablanketi, chandarua na turubai, kilo 17. Sufuria na chakula, kilo 15. Sepetu, panga, pampu, kamba, spana na vinginevyo, kilo 18. Jumla ni kilo 159, na bado hajapakia hata ndoo tupu.

Wakati wa kurudi maji yamenyweka na chakula kimepungua. Tuseme amebaki na lita 10 za maji kwa ajili ya dharura, chakula na vyombo vimeshuka hadi kilo nane, na gesi imepungua kilo moja. Bado vifaa vyake vina kilo 121. Ukitoa katika zile 220, nafasi ya asali ni kilo 99.

Na asali ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita moja ya asali ni kama kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba kilo 28 za asali, na ukiongeza ndoo yenyewe na mfuniko wake zinakuwa 29. Kwa hiyo mnunuzi wetu, baada ya siku tatu porini, anaweza kurudi na ndoo tatu kihalali.

Mnunuzi wa pili hana keria. Hakubeba gesi, kwa kuwa alishapatana na warina asali kwamba atapika kwenye mafiga ya kambi yao, naye akaleta unga na maharage ya kutosha watu wote. Petroli alijaza Sikonge. Tenki la gari hili ni lita 40, na hata ukikadiria kilomita 10 tu kwa lita ukiwa na mzigo, kisha ukaondoa robo nzima kwa ajili ya mchanga na kuzunguka, bado una kilomita 300. Vifaa vya ufundi alivichambua vikabaki kilo 10. Anaporudi vifaa vyake vyote ni kilo 47. Amebakiwa na kilo 173, yaani ndoo tano, na kilo 28 zinabaki. Ndoo ya sita ingezidi kwa kilo moja tu, na najua wapo watakaoipakia. Ushauri wangu ni aiache, maana turubai lililolowa umande na matope yaliyoganda chini ya gari navyo vina uzito wake.

Tofauti ya wawili hawa ni ndoo mbili, sawa na kilo 56 za asali kwa safari moja. Tukikadiria kwamba kila kilo inamwachia mnunuzi faida ya shilingi 1,500, hiyo ni shilingi 84,000. Kwa safari sita za msimu ni shilingi 504,000. Weka bei ya kwenu mahali pa hiyo ya kwangu, hesabu itabaki ileile. Kwa maneno mengine, keria, mtungi na dumu la petroli vimekula faida hiyo, na gari limechoma mafuta kuvipeleka porini na kuvirudisha.

Hapa pia tuseme jambo kuhusu lifti. Porini ni vigumu kumnyima mtu, na mara nyingine si vizuri kumnyima, hasa mgonjwa au mama mwenye mtoto. Lakini ujue kwamba mtu mzima mmoja ana uzito wa zaidi ya ndoo mbili za asali. Ukimpakia, kitu kingine lazima kishuke.

Paa si stoo

Suzuki hizi ni nyembamba na zimesimama. Jimny niliyoitaja ina upana wa mita 1.6 hivi, na kimo chake kinazidi upana huo. Mkonge wa nyuma na wa mbele ni wa chuma kizima, na springi zake hazikuundwa kubeba lori la vitu juu. Kikomo cha paa kinachotajwa na mtengenezaji ni kilo 30, na keria yenyewe imo ndani ya hizo 30. Soma tena: keria ya mtaani ya kilo 35 imeshapita kikomo kabla hujaweka hata kanga juu yake.

Hii si kanuni ya kusumbuana. Uzito ukikaa juu, gari huyumba zaidi kwenye kona na kwenye njia iliyoinama upande mmoja, na njia za msituni karibu zote zimeinama upande mmoja. Gurudumu la kushoto likiingia kwenye kishimo huku dumu mbili za maji ziko juu ya paa, maji nayo huhama. Gari fupi namna hii halihitaji mwendo mkubwa ili lilale ubavu. Kama lazima kitu kiende juu, basi kiwe hema au godoro la sponji, juu ya vyuma viwili vyepesi vya kufungia, si kreti ya vyombo.

Kosa jingine la namna hiyo ni kutundika dumu kwenye mlango wa nyuma. Mlango huo tayari umebeba tairi la akiba. Ukiongeza kilo 19 za petroli, kisha ukapita kilomita 50 za rasta, bawaba zitalegea, mlango utaanza kugonga na vumbi litaingia ndani. Zaidi ya hapo, uzito unaoning'inia nyuma ya ekseli huinua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi pasipofaa.

Nini kikae wapi

Lala chini viti vya nyuma, au uvitoe kabisa kama huvihitaji. Vitu vizito vikae sakafuni, vimegusa migongo ya viti vya mbele. Hapo ni kati ya ekseli mbili, mahali ambapo gari linabeba vizuri zaidi. Wakati wa kwenda hapo patakaa madumu ya maji. Wakati wa kurudi patakaa asali, ndoo tatu mbele na mbili nyuma yake, au vyovyote sakafu yako itakavyoruhusu. Pima kwa futi kamba ukiwa nyumbani, si gizani kambini.

Ndoo tupu ziingizwe moja ndani ya nyingine na mifuniko ifungwe pembeni. Wapo wanaozitumia kubebea vitunguu, sabuni au nguo wakati wa kwenda ili kuokoa nafasi. Nafasi inaokoka kweli, lakini asali hunyonya harufu, na mnunuzi wa mjini akionja asali yenye dalili ya sabuni hatauliza mara ya pili. Kwa sababu hiyohiyo petroli isikae ndani na asali kwa hali yoyote ile. Kama safari yako kweli inahitaji mafuta ya akiba, basi hilo ni suala la kuchagua njia nyingine au gari jingine, kwani petroli ndani ya gari lililofungwa madirisha ni hatari kwa walio ndani pia.

Matandiko hufaa kujaza mapengo. Blanketi likisokomezwa kati ya ndoo na ubavu wa gari, ndoo haitacheza. Magodoro yasimame wima pembeni. Sepetu na kamba vikae mahali utakapovifikia bila kushusha kitu, kwa maana utavihitaji ukiwa umekwama, na aliyekwama hana raha ya kupakua ndoo tano kwanza. Jeki nayo iwe na kipande cha ubao cha kuiweka chini, vinginevyo itazama mchangani.

Kila kizito kifungwe. Mwombe fundi afunge pete nne kwenye sakafu kwa boliti, baada ya kuchungulia chini kujua tenki na mabomba yamepita wapi. Kuchomelea karibu na tenki la mafuta asikubali, na wewe usikubali. Mikanda ya kufungia mizigo yenye kikaza ni bora kuliko kamba ya manila, ambayo hulegea kwa mtikisiko. Vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ya tairi vinafaa kwa vitu vyepesi. Ndoo ya kilo 29 isiyofungwa, dereva akikanyaga breki ghafla, haina pa kwenda isipokuwa kwenye mgongo wa kiti chake.

Kuhusu kulala kwenyewe nina machache. Hema la watu wawili linatosha, na blanketi usiliache, kwa sababu usiku wa Juni na Julai katika uwanda ule wa Tabora una baridi. Ukinunua turubai au hema, epuka rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Turubai nyingi madukani ni za bluu, lakini ukitafuta utapata za kijani au khaki. Usipige hema karibu na mizinga inayorinwa usiku huo, na ukishapakia asali funga madirisha yote kabla hakujapambazuka, la sivyo nyuki watakutangulia kuingia garini.

Kabla ya safari hakikisha una ruhusa ya kuingia msituni. Misitu ya hifadhi mingine iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, mingine iko chini ya halmashauri au kijiji, na kibali cha mmoja hakifungui mlango wa mwingine. Nakala ibaki ndani ya gari, si kwenye begi lililo chini ya ndoo.

Na kama warina asali wako wana ndoo 20 zinazokusubiri, Suzuki si jibu. Afadhali mnunuzi huyo aungane na wenzake wawili wakodi Canter ifike mahali inapoweza kufika, huku Suzuki ikifanya kazi ya kuleta ndoo kutoka ndani, kupeleka vyombo safi na kukagua ubora kabla fedha hazijatoka. Kugharamia safari nne za gari dogo ili kukwepa kukodi gari kubwa mara moja ni hesabu ambayo mara nyingi haijibu. Mafuta ya safari nne, siku kumi na mbili za msaidizi na tairi zinazoliwa na mawe huwa haviandikwi kwenye daftari.

Njia rahisi ya kujua umefika wapi ni mizani. Pima kila kifaa cha kambi kimoja kimoja kwenye mizani ya kupimia mazao kabla ya msimu, na uandike uzito wake juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Mtungi wa gesi umeshaandikwa uzito wake mtupu na kiwanda, wewe ongeza gesi iliyomo. Bandika orodha hiyo ndani ya mlango. Msaidizi wako atakapokuja na kreti ya soda kwa ajili ya safari, mwonyeshe orodha, kisha mwulize ni ndoo ipi ibaki.