Mbegu Isiyoota: Fedha za Ufuta na Mtego wa Utapeli

Ufuta ukishauzwa, nyumba nyingi za Kilwa, Lindi na Nachingwea hushika fedha ambazo hazitaonekana tena mpaka msimu wa korosho. Ndipo anapobisha hodi mwenye kauli tamu: weka laki moja, baada ya wiki chache uchukue zaidi ya mara mbili.

Watanzania tumekwisha kuisikia kauli hiyo. DECI iliwaita watu "wapande mbegu" na kungoja mavuno. Waliotangulia walivuna kweli, wakawa ushahidi wa kuwavuta wengine. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, wengi wakiwa bado wanangoja zamu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Siri yake ni hesabu. Hapana shamba wala duka. Anayevuna hulipwa kwa fedha ya anayepanda. Kila mmoja akihitaji watatu nyuma yake, ngazi ya kwanza ni watu 3, ya pili 9, ya tatu 27. Ngazi ya 13 hudai watu 1,594,323, ilhali mkoa mzima wa Lindi, wachanga na vikongwe, ulikuwa na watu wapatao 1,194,000 katika sensa ya mwaka 2022.

Charles Dickens wa Uingereza aliyasimulia maafa ya namna hii katika riwaya yake Little Dorrit, iliyokamilika mwaka 1857. Tajiri Merdle, aliyeaminiwa na wakubwa kwa wadogo, anajiua, na utajiri wake unabainika kuwa wa kughushi. Arthur Clennam, mtu mwema aliyetia humo fedha za ubia, anaishia gereza la wadeni. Pancks, aliyemshauri, hakuwa tapeli. Naye alipoteza zake.

Hapo ndipo penye jeraha. Mtego huu huenezwa na waaminifu: shangazi, shemeji, jirani wa safu moja msikitini. Fedha ikipotea, undugu nao hutetereka.

Surat An-Nisaa, aya ya 29, inakataza kula mali kwa batili na kuruhusu biashara ya kuridhiana. Katika mudharaba, faida hugawanywa kwa mafungu, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali. Faida ya uhakika haiahidiwi.

Basi, kabla ya kutoa, mume na mke waulizane: faida hii inatoka katika kazi gani? Na aliyekwisha kumwingiza ndugu yake asinyamaze kwa haya. Aende leo akamwambie, kabla hajaongeza mbegu nyingine.