Kabla ya Kisu cha Pili: Kuhusu Kurekebisha Upasuaji wa Kukaza Uso

Utangulizi

Wahenga walinena: ngozi ivute ili maji. Methali hii ilizaliwa katika kazi ya ngozi. Ngozi mbichi ikiisha kukauka haikubali tena kunyooshwa, hivyo atakaye kuiwamba na aiwambe mapema. Ni nasaha njema kwa fundi wa ngoma. Hata hivyo, ipo ngozi moja isiyofaa kutendewa hivyo, nayo ni ya uso wa mtu aliyekwisha kukazwa kwa kisu mara moja na asiridhike na matokeo. Ngozi hiyo hudai kinyume: isivutwe tena mpaka itulie.

Makala haya yanaeleza mambo anayopaswa kuyazingatia mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kukaza uso, asipendezwe na alichokipata, na sasa anawaza kurudi kwa mpasuaji. Hoja yetu ya msingi ni kwamba uamuzi huo hutegemea kwanza uwezo wa kulitaja kwa jina lake jambo linalomkera. Asemaye tu, "Sura yangu haijanipendeza," bado hajampa mpasuaji kazi ya kufanya. Asemaye, "Ndewe ya sikio langu la kushoto imevutwa chini," amempa.

Kisa cha mwaka 1912

Upasuaji wa kukaza uso ulianza Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Wapasuaji wa awali walikata vipande vya ngozi karibu na masikio au ndani ya nywele, wakazivuta kingo za jeraha na kuzishona. Miongoni mwa waliouendeleza ufundi huo ni Suzanne Noël (1878-1954), daktari Mfaransa ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alishiriki kuwatibu askari waliojeruhiwa usoni.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1926, Noël anasimulia habari ya mwigizaji mashuhuri aliyerejea kutoka Marekani mwaka 1912. Wanahistoria humtambua mwigizaji huyo kuwa Sarah Bernhardt. Huko Marekani alikuwa amekatwa ukanda wa ngozi ya kichwa ndani ya nywele. Makunyanzi ya kipaji cha uso na ya pembe za macho yalipungua, lakini sehemu ya chini ya uso ilibaki vile vile. Noël alianza kuifinya ngozi ya uso wake mwenyewe kwa vidole, akichunguza kila mvuto unabadilisha nini na unaacha nini.

Kisa hiki kina funzo kwa kila anayewaza kisu cha pili. Jeraha la mwigizaji yule lilipona, na pale palipovutwa palinyooka. Kasoro ilikuwa katika mahali palipochaguliwa, kwani ukanda uliokatwa utosini hauwezi kuyainua mashavu na taya. Swali la kwanza, basi, ni kama kilichofanywa kililenga kilichokuwa kikimkera mwenye uso.

Aina tatu za kutoridhika

Kutoridhika kunaweza kugawanywa katika mafungu matatu, na kila fungu lina jibu lake.

Fungu la kwanza ni la uso ambao haujapona. Michubuko na sehemu kubwa ya uvimbe huondoka katika majuma ya mwanzo, lakini uvimbe mdogo, ugumu na ganzi ya mashavu huweza kuendelea kwa miezi. Upande mmoja huweza kutulia kabla ya mwenzake, uso ukaonekana umekwenda upogo. Kovu nalo huwa jekundu na gumu kwanza, kisha hulainika na kufifia polepole kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kwa sababu hiyo wapasuaji wengi hushauri kungoja angalau miezi 6, na mara nyingi mwaka mzima, kabla ya kuamua lolote. Anayeamua katika juma la nne anauhukumu uso ambao bado haujafika.

Pana mambo, hata hivyo, yasiyongoja. Upande mmoja wa uso ukivimba ghafla na kuuma sana, hasa katika saa 24 za mwanzo, huenda damu imevilia chini ya ngozi na mgonjwa anapaswa kurudishwa hospitalini mara moja. Ndivyo ilivyo pia ngozi ikianza kuwa nyeusi, jeraha likitoa usaha, au homa ikipanda. Hayo ni matibabu ya dharura, na subira isitumike kuyacheleweshea.

Fungu la pili ni la kasoro za kazi yenyewe. Ndewe ya sikio huweza kushonwa kwa mvuto mkubwa ikaungana na shavu bila ule mfuo wa kawaida. Kovu huweza kupanuka, au kukaa mahali ambapo nywele haziwezi kulificha. Nywele za panjani huweza kusogezwa juu na nyuma hadi mtu akaonekana hana panja. Mashavu nayo huweza kuvutwa kuelekea masikioni, uso ukawa kama wa mtu anayepigwa na upepo mkali. Baadhi ya kasoro hizi hurekebishwa kwa kazi ndogo: ndewe, kwa mfano, huweza kutengenezwa kwa ganzi ya mahali pale tu. Nyingine, kama ule uso wa upepo, hudai ngozi ifunguliwe upya na tabaka za ndani zipangwe tena.

Fungu la tatu ni la mambo ambayo kukaza uso hakuyafikii. Mistari myembamba inayozunguka midomo, mabaka ya jua na ukavu wa ngozi havitoki kwa kuvutwa. Mifereji itokayo puani hadi pembe za mdomo hupungua tu, haifutiki. Aidha, upasuaji huurudisha uso nyuma kwa miaka kadhaa lakini hauuzuii kuendelea kuzeeka, hivyo ulegevu unaorejea baada ya miaka kumi si kosa la mtu. Katika fungu hili wamo pia wale walioutegemea uso mpya uwarudishie mume, kazi au ujana. Wamo vilevile wenye maradhi ya akili yanayomfanya mtu aone umbo baya ambalo wengine hawalioni. Upasuaji kwa kawaida hauyaponyi maradhi hayo. Huweza kuihamisha tu kasoro kutoka puani hadi kidevuni.

Kwa nini mara ya pili si kama ya kwanza

Mwaka 1976 Vladimir Mitz na Martine Peyronie walichapisha maelezo ya tabaka la utando na misuli lililo chini ya ngozi na mafuta ya uso. Ugunduzi huo uliwathibitishia wapasuaji kwamba mzigo wa kuinua uso unapaswa kubebwa na tabaka hilo, na ngozi ilazwe juu yake bila kuvutwa kwa nguvu. Mwaka 1990 Mmarekani Sam Hamra alieleza mbinu ya kupita chini ya tabaka hilo na kuinua vyote kwa pamoja. Kwa hiyo watu wawili wanaosema wamekazwa uso huenda wamefanyiwa kazi mbili zisizofanana.

Mpasuaji wa mara ya pili huingia katika nyumba iliyojengwa na fundi mwingine. Tabaka zilizokuwa zikitengana kwa urahisi sasa zimeshikamana kwa makovu. Neva zinazoendesha kope, nyusi na midomo hupita katika njia hizo hizo, na kuzitambua ndani ya kovu ni kazi ngumu zaidi. Isitoshe, ngozi iliyokatwa na kutupwa hairudi. Ikiwa mara ya kwanza iliondolewa nyingi mno, mpasuaji wa pili hana akiba ya kutosha, na huenda akalazimika kumwambia mgonjwa angoje hadi ngozi ilegee tena.

Hatari ya nusukaputi nayo haipungui kwa sababu kazi inaitwa ndogo. Olivia Goldsmith, mwandishi wa riwaya ya The First Wives Club, alifariki jijini New York mnamo Januari 2004. Alikuwa amepatwa na matatizo ya moyo alipotiwa nusukaputi kwa ajili ya kuondolewa ngozi iliyolegea kidevuni.

Maswali yanayofaa kuulizwa

Anayewaza kurekebishwa na aanze kwa kukusanya ushahidi: picha za kabla ya upasuaji, picha za kila baada ya miezi kadhaa, na nakala ya kumbukumbu za upasuaji wa kwanza. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomweleza mpasuaji mwingine ni tabaka gani lilifikiwa na ni nini kilichoondolewa. Anayesafiri ng'ambo kukazwa uso na azidai kabla hajapanda ndege ya kurudi.

Pili, na amsikilize mpasuaji wa kwanza kisha atafute maoni ya mwingine asiye na maslahi katika kazi ile. Nchini Kenya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno huweka orodha ya waliosajiliwa, na mgonjwa anaweza kuthibitisha kama huyo anayejiita bingwa ni bingwa kweli katika fani hii.

Tatu, na aulize waziwazi: Je, ninachokilalamikia kinarekebishika? Kwa kiasi gani? Ni kipi kinachoweza kuharibika zaidi? Nani atalipa, na nani atanihudumia mambo yakienda mrama? Nikiacha kama kulivyo, kutakuwaje baada ya mwaka? Mpasuaji asiyewahi kumwambia mgonjwa "hapana" hafai kuaminiwa "ndiyo" yake. Mvutaji wa sigara naye na aache majuma kadhaa kabla ya upasuaji na baada yake, kwani sigara huinyima ngozi damu, na ngozi isiyopata damu hufa.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa, na kwamba aliyekosea kuchezea maumbile na avumilie. Noël hakukubaliana nao. Aliiona kazi yake kuwa na manufaa ya kijamii, kwa kuwa aliwajua watu waliokosa ajira kwa sababu tu nyuso zao zilionyesha umri. Uso si pambo pekee. Katika Kiswahili mwenye furaha hukunjua uso, mwenye hasira huukunja, na asiye na haya huambiwa ana uso mkavu. Aliyepoteza uwezo wa kuukunja na kuukunjua amepunguziwa lugha, na malalamiko yake yanastahili kusikilizwa na daktari bila dhihaka.

Lakini kusikilizwa kunahitaji maneno. Lugha yetu inavitenga vizuri kunyanzi na kovu, uvimbe na ulegevu, ganzi na maumivu. Mgonjwa akiisha kuyatumia maneno hayo mbele ya kioo, kwa utulivu na baada ya muda wa kutosha, huenda akagundua kwamba linalomkera linatibika kwa kazi ya saa moja. Huenda pia akagundua kwamba linakwisha lenyewe, au kwamba halikai usoni. Katika hali zote tatu atakuwa amejua la kufanya kabla ya kisu kunolewa.