Mateka Anapogeuzwa Mchumba

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: michezo ya mapenzi ya televisheni kutoka nchi za mbali.

Nilikwenda nyumbani Kansay, kule Karatu, kumjulia hali shangazi yangu. Usiku, baada ya chakula, televisheni iliwashwa kwa umeme wa jua, na watoto wa majirani wakaingia mmoja mmoja bila kualikwa. Kilichoonyeshwa kilikuwa mchezo wa Thailand uitwao Jam Loey Rak, toleo la mwaka 2008, uliotiwa maneno ya Kiswahili.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana tajiri, Harit, amefiwa na mdogo wake aliyejiua kwa sababu ya mapenzi. Anaapa kumlipiza kisasi msichana anayemwona kuwa chanzo cha msiba huo. Lakini anakosea mtu. Anamteka Soraya akidhani ndiye Sansanee, anampeleka kisiwani, anamfanyisha kazi na kumfokea. Mwishowe wanapendana. Wathai wana jina la michezo ya aina hii, ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema “kofi na busu”.

Nikiri wazi kwamba mchezo ulininasa. Wachezaji wakuu, Aff Taksaorn na Atichart Chumnanon, wanajua kazi yao. Jicho tu linatosha kukueleza kilichomo moyoni. Halafu kuna adabu. Kijana anapokutana na mkubwa huunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Shangazi aliangalia akasema, “Hawa wamelelewa.” Michezo ya Asia hutugusa kwa sababu ina ukoo ndani yake: mama mkwe, urithi, heshima na aibu. Mwaka 2011, TBC ilipoonyesha kwa Kiswahili mchezo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake, watu waliufuatilia sana, hata Rais Xi Jinping wa China akautaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013.

Basi tuliendelea kutazama, mpaka tukafika mahali Soraya anajaribu kukimbia. Harit anamkamata. Msichana anampiga kofi, anasukuma, analia. Kijana anambusu kwa nguvu. Hapo sauti ya mfasiri ikasema: “Anajitia hataki huyu, moyoni keshakubali!” Vijana mle ndani wakaangua kicheko. Binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 15, akanigeukia akauliza: “Baba mdogo, amekubali saa ngapi? Mbona mimi sijamsikia?”

Hakuna aliyemjibu, nami nikiwemo.

Hapana budi nieleze jinsi kazi hii inavyofanyika. Mchezo wa Doudou uliingizwa sauti na wachezaji wengi, kila mmoja na nafasi yake, kwa kufuata maandishi. Lakini kanda nyingi zinazofika vijijini hufasiriwa kwa mtindo uliokulia katika vibanda vya video, ule uliompa Lufufu sifa nchi nzima. Mtu mmoja hushika kipaza sauti, akawasemea wanaume na wanawake wote, akaeleza na kutania. Ni ufundi, na ninauheshimu. Bila watu hao, wengi wetu tungebaki kutazama midomo ikichezacheza. Hata hivyo, kila neno la mwanamke hupita kwanza katika kinywa cha mtu huyo. Mimi ni mtu wa redio. Mtu akiniambia “hapana”, siruhusiwi kuwatangazia wasikilizaji kwamba alimaanisha “ndiyo”.

Wala tusimtwike mfasiri mzigo wote. Hadithi yenyewe imepangwa hivyo. Tunaonyeshwa machungu ya Harit, tunasubiri atubu, na akitubu zawadi yake ni yule yule aliyemtesa. Huko Thailand kwenyewe wapo watazamaji waliopinga hadharani michezo inayougeuza ukatili kuwa mapenzi.

Sheria zetu hazina utata katika hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, na inatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa. Na Kanuni ya Adhabu inasema ni kosa la jinai kumchukua au kumzuia mwanamke wa umri wowote, bila hiari yake, kwa nia ya kumwoa. Kwa maneno mengine, Harit angekuwa Karatu, mchezo ungehamia mahakamani.

Kuna watakaosema: mbona hata wazee wetu walitoroshana? Nilimuuliza shangazi, maana yeye mwenyewe aliolewa kwa kutoroshwa. Alicheka kwanza, kisha akasema: “Mimi nilitoka kwa miguu yangu. Nguo zangu nilizifunga mwenyewe tangu mchana, na mlango niliufungua mimi.” Baadaye wazee walifuata, mahari ikasemwa, slufay ikaombwa. Tofauti iko hapo, kwa aliyefungua mlango.

Sisemi televisheni izimwe. Ukweli ni kwamba usiku wa pili nilikaa tena nikatazama, na Soraya bado namhurumia na kumpenda. Ninachosema ni kwamba watoto wetu wanajifunza uchumba mle ndani, wa kiume kwa wa kike. Yule kijana aliyecheka leo, kesho atakuwa njiani na binti wa mtu, na kama ameamini kwamba kilio ni namna ya kukubali, hatutamlaumu mfasiri peke yake. Mkubwa aliyekaa naye mbele ya televisheni ndiye wa kusema neno.

Asubuhi, kabla sijaondoka, nilimkuta yule binti akichota maji. Nikamwambia: “Lile swali lako la juzi. Hakukubali.” Akaitikia kwa kichwa, “Hata mimi nilijua, baba mdogo,” akajitwika ndoo yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.